Shangazi, kifua kinanibana ila eksirei inasema mapafu safi

Shangazi, shikamoo.

Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo naandika kwa sababu mke wangu kasema nisipoandika mimi ataandika yeye, na yeye namjua, ataweka chumvi mpaka nionekane nshakufa.

Nina miaka 46. Ni msimamizi wa lodi kwenye ghala moja kubwa, malori yanaingia kupakia na kushusha, kazi yangu ni kukaa pale getini na daftari, gari ikiingia naandika, ikitoka naandika, nakagua mzigo, nasaini makaratasi, basi. Mwaka huu ni wa 14 niko meza ile ile. Saa kumi na moja alfajiri madereva wanawasha, malori 8 kwa pamoja, mengine yako ndani ya banda kabisa, na wakishawasha hawaondoki, wanayaacha yanaunguruma dakika 40 hivi, wanasema injini lazima ipate moto na upepo wa breki ujae, wao wenyewe wako nje wanapiga stori na mimi niko ndani na tochi nahesabu maboksi. Kwa hiyo moshi wa dizeli nshauzoea. Zamani ulikuwa unanikereketa koo na macho yanatoka machozi, siku hizi wala siusikii, akija mgeni akaanza kukohoa mi ndo namshangaa. Leso yangu tu ndo inajua, nikipenga kamasi inatoka nyeusi. Na siku za mvua milango ikifungwa kichwa kinagonga mpaka mchana.

Sasa juzi nimebandua kalenda ya mwaka jana ukutani nyuma ya meza yangu, ilikuwa haijawahi kusogezwa tangu ibandikwe. Nyuma yake ukuta mweupe pee. Shangazi, mi nilikuwa najua ule ukuta ni wa kijivu! Nikawaita wenzangu waone, tukacheka sana, ila usiku sikucheka.

Kwa sababu kuna hiki kifua. Ofisi ya juu ina ngazi 22, nazipanda kila siku kupeleka daftari, sasa wiki hizi chache mara 3 nimefika katikati kifua kikabana, hakichomi, ni kama mtu kanitwisha gunia kifuani, na mkono wa kushoto unakuwa mzito. Nikisimama dakika 2 au 3 inaachia naendelea zangu. Nikaenda kupiga eksirei, wakasema mapafu safi, hamna TB hamna kitu. Presha ilisoma 148 kwa 94, yule aliyenipima akasema labda wasiwasi. Sigara niliacha miaka 6 iliyopita, pombe sio sana.

Kazini wananiambia ni moshi tu umejaa kifuani, ninywe maziwa kila asubuhi yanasafisha. Mke wangu yeye anasema ni moyo na ni huo moshi huo huo. Mi hapo ndo simwelewi, moshi unaingia kwenye mapafu, mapafu yangu ni safi, moyo unahusikaje? Tena naufanyia mazoezi, kila jioni nakimbia nusu saa pembeni ya barabara kuu.

Na hata kama ni kweli bosi namwambiaje? Ukimwambia moshi unaumiza atakuuliza wenzako mbona hawalalamiki. Halafu malori yenyewe yana umri, mawili yalikuja na ile filta ya moshi kwenye ekzosi, ilipoziba fundi akaikata akaitoa, gari ikapata nguvu, kila mtu akafurahi.

Wako,
Wa Getini

JIBU

Marahaba mwanangu. Msalimie sana mkeo, mwambie safari hii hata angemwaga chumvi gunia zima nisingemlaumu.

Ntaanza na ngazi, mengine yote yasubiri. Kabla ya safu hii mimi nilikuwa nesi, miaka mingi nimekaa kliniki ya moyo, na hiyo habari ya gunia kifuani nimeisikia kwa maneno hayo hayo mara nyingi mno. Kinabana ukipanda, kinaachia ukisimama, na mkono wa kushoto unakuwa mzito. Siwezi kukupima kwa barua kwa hiyo sisemi ndo yenyewe, ila moyo ukikosa damu ya kutosha huwa unalalamika hivyo hivyo, mishipa inayoulisha imekuwa myembamba, ukiwa umekaa damu inayopita inatosha, ukiupa kazi haitoshi. Na eksirei hiyo kitu haiioni. Inaonyesha mapafu, inaonyesha kama moyo umetanuka, lakini mshipa wa moyo ulioziba nusu hauonekani pale, yaani umeuliza swali la mapafu ukajibiwa la mapafu, la moyo bado hujauliza.

Nenda wiki hii, sio mwisho wa mwezi ukishafunga mahesabu. Wakupime ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, wapime damu sukari na kolesteroli, presha wapime tena ukiwa umetulia na wairudie siku nyingine, manake 148 kwa 94 inaweza kuwa wasiwasi kweli na inaweza isiwe, na mtu hajui mpaka apime zaidi ya mara moja. Na ujue ECG ya kulala kitandani inaweza kutoka safi kabisa kwa mtu mwenye tatizo kwa sababu pale umelala moyo hauna kazi, kwa hiyo usiishie kusema "kifua", waeleze ngazi, waeleze gunia, waeleze kinaachia baada ya muda gani, wakiona inafaa watakupima huku unatembea kwenye mashine. Ila kikikubana umekaa tu, au kikabana ukasimama na dakika 10 zikapita hakijaachia, au kikaja na jasho la baridi, kichefuchefu, pumzi inakata, hiyo ni emajensi, upelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na usiendeshe mwenyewe.

Haya, tuje kwenye ugomvi wako na mkeo, ambao ameshinda yeye.

Watu wengi wanafikiri kama wewe, moshi ni mambo ya mapafu, na wakiogopa sana wanaogopa kansa. Kansa ipo, sio uzushi, IARC ambao ni wakala wa Shirika la Afya Duniani kwa utafiti wa kansa waliuweka moshi wa dizeli kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu tangu 2012. Lakini angalia hesabu za shirika hilo hilo za 2019, hewa chafu ya nje kwa ujumla wake, sio dizeli peke yake, ilihusishwa na vifo vya mapema milioni 4.2, na katika hivyo kama asilimia 68 ni ugonjwa wa moyo na kiharusi. Kansa ya mapafu ni asilimia 4. Mi nilipoiona mara ya kwanza nilidhani nimesoma vibaya.

Inakuwaje sasa? Anza na leso yako. Ile nyeusi unayopenga ndo iliyokamatwa, chembe kubwa kubwa, pua na koo vimefanya kazi yake, na ile ya ukutani pembeni ya kalenda nayo imenasa ukutani haiko kwako. Kinachonitia wasiwasi ni kile ambacho hakinasi popote. Unywele wa mtu una upana wa kama maikromita 70, na chembe nyingi sana za moshi wa dizeli ziko chini ya 0.1, yaani uzipange mstari zaidi ya 700 ndo ufikie unywele mmoja. Hizo pua haizioni, zinashuka mpaka mwisho kabisa wa mapafu, kwenye vile vifuko vidogo ambavyo hewa inakutana na damu na katikati kuna ngozi nyembamba mno, na zikifika pale baadhi zinavuka.

Kuvuka kwenyewe watu walibishana miaka. Kuna kundi la watafiti Edinburgh, Uskoti, walikuja na wazo moja zuri, kaboni ya moshi ukiitafuta ndani ya mwili ni shida kuitambua maana mwili wenyewe umejaa kaboni, sasa wakachukua dhahabu, wakaifanya chembe ndogo sana, wakawavutisha watu 14 wazima kabisa wasio na ugonjwa. Ndani ya saa 24 dhahabu ikaonekana kwenye damu ya wengi wao, na miezi 3 baadaye bado ilikuwa inapatikana kwenye damu na mkojo. Wakaenda mbele zaidi, wagonjwa waliokuwa wanasubiri kusafishwa mshipa wa shingo ulioziba nao wakavuta, halafu mafuta yaliyotolewa kwenye ile mishipa yakapimwa, dhahabu imo. Yaani chembe ilipita mapafuni ikaenda kukaa pale pale palipo na ugonjwa. Utafiti huo ulitoka 2017, na mapafu ya hao watu ukiyapiga eksirei yangetoka safi kama yako.

Na sio lazima chembe ivuke ndo madhara yaje. Mapafu yakikerwa yanavimba kwa ndani, uvimbe mdogo usioonekana, yanamwaga kemikali za kengele kwenye damu na mwili mzima unazisikia. Halafu kuna neva za kwenye mapafu zinazozungumza na moyo, zikichokozwa mapigo na presha vinabadilika ndani ya dakika chache tu.

Hao hao wa Edinburgh na wenzao wa chuo kikuu cha Umeå, Sweden, ndo walionyesha kinachotokea mshipani. Walichukua wanaume 20 waliowahi kupata shambulio la moyo huko nyuma na sasa wametulia, wakawaweka kwenye chumba chenye moshi wa dizeli uliochanganywa na hewa, saa 1, huku wanaendesha baiskeli ya mazoezi na kupumzika, siku nyingine wakawaweka chumba hicho hicho na hewa safi. Moshi ulikuwa maikrogramu 300 kwa kila mita ya ujazo, kiwango ambacho barabara yenye foleni nzito au sehemu ya kazi kama yako inaweza kukifikia. Siku ya moshi, moyo ulivyopewa kazi, ECG ilionyesha umekosa damu zaidi kuliko siku ya hewa safi. Na mwili una dawa yake mwenyewe ya kuyeyusha damu iliyoganda, ukuta wa mshipa ndo unaitoa, saa kadhaa baada ya moshi ile dawa ikawa inatoka kidogo. Hayo ni ya 2007. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba baada ya moshi damu inaganda kirahisi zaidi, na majaribio yao mengine yalionyesha mshipa wenyewe hautanuki vizuri.

Weka hivyo vitu pamoja uone, mshipa unashindwa kutanuka vizuri, damu inapenda kuganda, na cha kuyeyusha kimepungua. Shambulio la moyo kwa kawaida ni donge la damu limeziba mshipa uliokuwa tayari mwembamba. Hapo ndo moshi na moyo wanapokutana.

Sasa nikuweke sawa usije ukanielewa vibaya, hao walikuwa watu 20 tu na hakuna aliyekufa, na mabadiliko yenyewe baada ya muda yanarudi. Ila wao walikaa saa 1 siku moja. Wewe ni kila alfajiri, miaka 14, pamoja na siku nzima getini. Na pia sisemi kila kitu ni moshi, kwa mtu mmoja mmoja sigara, presha na sukari bado vina nguvu kuliko hewa, kuacha sigara ulifanya la maana sana na usirudi. Lakini mtu aliyeacha sigara akakaa kwenye ekzosi za malori 8 hajamaliza kuacha moshi.

Hilo neno lako "nshauzoea" ndo limenikera kuliko yote. Kilichozoea ni pua. Pua ikinusa kitu kile kile kila siku inaacha kukuambia, basi, mishipa haina habari na hiyo. Yule mgeni unayemshangaa akikohoa mwili wake unafanya kazi kama inavyotakiwa, mshangae yule asiyekohoa. Na kichwa cha siku za mvua kisikupite, injini ya dizeli inatoa kaboni monoksidi kidogo kuliko ya petroli lakini ukiziwasha 8 bandani na mlango umefungwa hata kidogo kinajaa, na hiyo gesi inakaa kwenye nafasi ya oksijeni ndani ya damu, kwa hiyo moyo ambao tayari unalalamika kwenye ngazi unaletewa damu iliyopungukiwa mzigo. Wewe ni mtu wa lodi unaelewa, gari imefika lakini nusu tupu.

Maziwa: kunywa kama unayapenda. Yanaenda tumboni, mapafuni hayafiki, na yakifika mapafuni ndo utakuwa mgonjwa kweli.

Kukimbia ni kuzuri, ila kwanza simamisha mpaka daktari akuone, nusu saa ya kukimbia na kifua hicho mi sikupi ruhusa. Akikuruhusu, badilisha njia. Ukikimbia unavuta hewa mara nyingi zaidi ya aliyekaa na unavuta kwa mdomo, pua yako umeipa likizo, halafu umechagua pembeni ya barabara kuu jioni magari yote yanarudi. London walijaribu hiki, watu 119 wa miaka 60 na kuendelea, wengine wazima, wengine wana mapafu mabovu, wengine moyo, wakatembea saa 2 kwenye bustani ya Hyde Park na siku nyingine saa 2 Oxford Street, mtaa wa maduka ambao wakati huo ulikuwa wa mabasi na teksi za dizeli tupu. Kwenye bustani mapafu yalifanya kazi vizuri zaidi na mishipa ikalainika, na faida iliendelea kuonekana kwa masaa mengi. Kwenye ule mtaa sehemu kubwa ya faida ikapotea, miguu ilitembea ile ile. Na Augsburg, Ujerumani, waliwauliza watu 691 waliopona shambulio la moyo walikuwa wapi siku zile za mwisho kabla halijawapata, wakakuta saa moja baada ya mtu kuwa kwenye foleni ya magari uwezekano wa shambulio ulikuwa karibu mara 3, iwe alikuwa kwenye gari lake, basi au baiskeli. Kelele na hasira za foleni zimo pia humo, haiwezi kuwa moshi tu, lakini moshi umo. Wewe ingia mtaa wa ndani, chembe za barabara kuu zinapungua haraka sana ukisogea hata mita 100 au 200.

Bosi. Hapa usianze na afya. Najua inauma kusikia hivyo lakini ukianza na kifua chako utaitwa dhaifu, kama ulivyosema mwenyewe. Anza na mafuta. Lori kubwa likiunguruma limesimama linakunywa kama lita 3 kwa saa, yako 8, kila moja dakika 40, piga hesabu na daftari lako hilo hilo, inakuja lita 16 kila alfajiri na hakuna gurudumu lililozunguka. Zidisha kwa siku za kazi za mwezi, andika karatasi moja, mpelekee (usipeleke kwa kupanda zile ngazi mbio).

Na madereva watakuja na upepo wa breki, jibu lao hili hapa. Upepo unajaa ndani ya dakika chache kama mfumo ni mzima, lori linalohitaji dakika 40 kujaza linavuja mahali, na lori linalovuja upepo halitakiwi barabarani, hiyo ni kazi ya fundi sio ya kusubiri. Injini nayo inapata moto haraka zaidi ikiondoka taratibu kuliko ikisimama, ikisimama baridi mafuta hayaungui vizuri na ndo muda inatoa moshi mchafu kabisa. Kwa hiyo unachoomba sio kitu kikubwa: yawashwe nje ya banda, mdomo wa ekzosi uangalie uwazi, upepo ukijaa waondoke au wazime. Na wewe hesabu yako ya tochi ifanye kabla hayajawashwa au yakishatoka, meza isogezwe upande ambao upepo unatokea badala ya unakoelekea. Nakwambia hata hilo la meza peke yake lina maana, hata kama lori halijabadilika umbali unabadilisha.

Ile filta sasa. Fundi aliyeikata hakufanya uhuni kwa maoni yake, gari lilikuwa limekosa nguvu, akalitoa lile lililoziba, mteja akafurahi, lakini ile ndo kitu pekee kwenye lori lile kilichokuwa kimesimama kati ya injini na mishipa yako. Wale wa Edinburgh na Umeå walirudia jaribio lao, safari hii moshi ukapitishwa kwenye filta ya chembe kwanza, ikatoka 2011. Mishipa ikafanya kazi vizuri na lile la damu kuganda likapungua, ndo wakajua mkosaji mkubwa ni chembe. Kwa hiyo filta ikiziba inasafishwa au inabadilishwa, na ijulikane kwa nini imeziba, mara nyingi ni nozo mbovu, au injini inayokula oili, au dizeli yenye salfa nyingi ambayo filta hizi haziivumilii, au ni hiyo hiyo kuunguruma saa zima bila kutembea, maana filta inahitaji ekzosi ipate joto la safari ndo iunguze masizi yake yenyewe. Umeona hapo, kule kuunguruma kunaharibu mpaka dawa yake.

Moshi mweusi ukiona, hiyo ni gari inaumwa, mafuta mengi hewa kidogo, mara nyingine ni filta ya hewa tu imejaa vumbi, andika namba ya lori kwenye daftari lako upeleke gereji. Ila usije ukaridhika na lori ambalo moshi wake hauonekani. Zile ndogo za 700 kwa unywele hazionekani kwa macho.

Barakoa ya kitambaa iache, na ile ya bluu ya hospitali nayo haizibi pembeni. Inayosaidia ni ya N95 au FFP2, ikae imebana usoni, na ndevu zinaiharibia kazi. Beijing waliwapa maski nzuri wagonjwa 98 wa moyo wakatembea mjini saa 2, presha ikashuka kidogo na ECG ikaonyesha moyo umekosa damu kidogo kuliko siku walipotembea bila maski. Lakini gesi haizuii, kile kichwa cha siku ya mvua kitagonga tu hata ukivaa 3, na kuvuta hewa kupitia maski ngumu ni kazi ya ziada kwa kifua, kwa hiyo muulize kwanza daktari huyo huyo wa wiki hii.

Ukifika kwake kuna kitu kimoja wengi wanasahau. Atakuuliza sigara, pombe, baba mama walikufa na nini, mara nyingi kazi haulizwi mtu, au ikiulizwa unajibu "msimamizi wa ghala" anaandika anaendelea, anakuona kwenye kiti na feni. Usiseme hivyo. Sema nakaa kwenye moshi wa dizeli tangu alfajiri, malori 8, banda, miaka 14, kamasi nyeusi, kichwa siku za mvua. Upige picha ule ukuta na ile pembe nne nyeupe kwa simu yako umwonyeshe, mi ningekuwa nesi wake ningetaka kuiona.

Na lile daftari, mpaka upimwe, mtume kijana alipandishe yeye juu.

Shangazi